Wakili wa Luka 12: Mwongozo wa Kuusoma Mfano wa Hukumu Katika Jumuiya za Malindi

Mwongozo huu nimekuandikia wewe unayeongoza jumuiya, darasa la Biblia au ibada ya nyumba kwa nyumba hapa Malindi, iwe ni Maweni, Kisumu Ndogo, Ganda, Kakuyuni au Gongoni. Fungu lenyewe ni fupi: Luka 12:41–48, mistari minane tu. Utahitaji kama saa moja na nusu, Biblia za tafsiri mbili ikiwezekana, na moyo wa kuwaacha watu waulize mpaka maswali yaishe.

Mfano huu ni wa hukumu. Unamhusu wakili, yaani msimamizi wa nyumba, aliyeachiwa kazi ya kuwagawia watumwa wenzake chakula wakati bwana hayupo. Akiifanya vyema, bwana atamweka juu ya vitu vyake vyote. Akiiharibu, atakatwa vipande viwili. Ni maneno makali, na sisi wa Malindi tuna sababu ya kuyashika kwa uangalifu kuliko wengi. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, ndani ya kaunti yetu ya Kilifi. Ililetwa kwenye chumba cha maiti cha hospitali ya hapa mjini, na jamaa wakaja kutoka pande nyingi za nchi kutoa sampuli za DNA ili wawatambue watu wao. Wengi walikufa kwa njaa, watoto wakiwemo. Walikuwa wamefundishwa kwamba kufunga mpaka kufa ni njia ya kukutana na Yesu.

Nani ana hatia gani kisheria, hiyo ni kazi ya mahakama. Kazi yetu sisi tunaoshika Biblia ni kuhakikisha kwamba yeyote anayesimama mbele ya watu wetu na kutaja kuja kwa Bwana anakutana na swali ambalo Yesu mwenyewe aliliweka ndani ya mfano huu: watu uliokabidhiwa, je, wamekula?

Hatua ya 1: Anzia mbali kidogo

Usifungue moja kwa moja mstari wa 42. Mwombe mtu anayesoma vizuri aanze 12:13 na asome bila haraka. Mtaona kwamba sura yote inazungumzia mali, chakula na kungoja. Kuna tajiri aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, roho yake ikatakwa usiku uleule. Kuna kunguru wasiopanda wala kuvuna. Kuna agizo la kuuza mlivyo navyo na kutoa sadaka. Ndipo zinakuja taa zinazowaka na watumwa wanaomngoja bwana wao arudi kutoka arusini.

Kwenye mstari wa 37 mwambie msomaji asimame. Watu huupita mstari huu mbio, nami naona ndio ufunguo wa yote yanayofuata. Bwana anaporudi na kuwakuta watumwa wako macho, anajifunga, anawakaribisha chakulani, kisha anawahudumia yeye mwenyewe. Huyu ni bwana anayepakua. Kikundi kikiikosa picha hii, hukumu ya mstari wa 46 itaonekana kuwa ya mtu katili tu, na watu watarudi makwao na hofu. Wakiishika, wataelewa kwa nini hasira yake inamwangukia mtu aliyewanyima wengine chakula.

Hatua ya 2: Lipe nafasi swali la Petro

Mstari wa 41 Petro anauliza: mithali hii umetuambia sisi, au na watu wote pia? Yesu hamjibu ndiyo wala la. Anamrudishia swali: ni nani, basi, aliye wakili mwaminifu, mwenye busara? Kila msikilizaji inambidi ajitafute humo.

Mpe kila mtu dakika chache za kimya, ajiulize ni nani wanaokula kwa kupitia mkono wake. Bibi anayelea wajukuu, mweka hazina wa chama, mwalimu mkuu, nahodha anayegawa mapato ya mashua baada ya kutia nanga, mzee wa kanisa, dada mkubwa ambaye wadogo zake wanamtegemea tangu mama aende Uarabuni kufanya kazi. Wachungaji na makatekista wamo, tena mstari wa mbele, kwa kuwa aliyeuliza alikuwa mtume. Lakini usiruhusu kikundi kimalize hatua hii kikiwanyoshea wachungaji vidole na kujisahau.

Hatua ya 3: Wapange watu wa mfano mahali pao

Kuna bwana. Kuna wakili. Kuna wajoli, yaani watumwa wenzake wakili. Hapa Malindi mpangilio huu hauhitaji maelezo mengi. Tumezungukwa na nyumba ambazo wenyewe wako Italia. Wanakuja kaskazi ikivuma, wanaondoka masika yakikaribia, na nyumba inabaki mikononi mwa msimamizi. Chini yake yupo mtunza bustani, yupo mama wa usafi, yupo askari wa usiku. Mishahara ya wote inatumwa kwenye simu yake yeye. Makuti yakioza, yeye ndiye anayepiga picha na kuomba fedha za kuezeka upya. Uliza kikundi: tajiri akiwa mbali nusu mwaka, askari wa usiku humwona nani kuwa bosi? Watajibu haraka, na wengine watakuwa na kisa cha jirani.

Sasa waonyeshe mambo matatu katika maandiko yenyewe. La kwanza, wakili naye ni mtumwa. Mistari ya 43, 45 na 46 inamwita hivyo waziwazi. Cheo chake ni kazi tu, hakimtoi katika daraja la wenzake. La pili, chakula anachogawa si chake. Anapompa mjoli fungu lake hamfanyii hisani, anampitishia haki yake. Mara ngapi tumesikia mtu akishukuriwa kwa mbwembwe kwa kugawa unga wa msaada ambao haukuwa wake hata kibaba? La tatu ni maneno “kwa wakati wake”. Zaburi 145:15 inamwambia Mungu kwamba yeye ndiye awapaye viumbe chakula chao kwa wakati wake. Saa ile wakili anapogawa posho anafanya kazi ya Mungu mwenyewe, na ndiyo sababu kuchelewesha pia ni kosa. Mshahara wa Januari ukilipwa Aprili, watoto wa mtunza bustani walikuwa na njaa Februari.

Kikundi kikitaka mfano wa wakili aliyefaulu, wapeleke kwa Yusufu. Mwanzo 39 anawekwa juu ya nyumba ya Potifa, na Mwanzo 41 anafungua ghala na kuilisha Misri wakati wa njaa.

Hapa panaweza kuzuka ubishi, na usiuzime. Mtu atasema: lakini hawa matajiri wa mbali ndio waliotufanya maskwota kwenye ardhi ya babu zetu. Ana haki ya kusema, maana familia nyingi za pwani zimeishi na kuzikana kwenye ardhi yenye hati ya mtu asiyeonekana. Mwambie kweli kwamba mfano huu hauamui nani ana haki ya kumiliki shamba, na kwamba mwenye nyumba wa ufukweni si picha ya Mungu. Nimemtumia kwa ajili ya msimamizi wake, basi.

Neno “mtumwa” nalo lina uzito wake hapa. Katika karne ya 19 mashamba ya mtama na ufuta yaliyoizunguka Malindi yalilimwa kwa jasho la watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria pwani hii mpaka 1907. Katika darasa lako anaweza kuwemo mjukuu wa waliolima, na pia mjukuu wa waliomiliki. Yesu anatumia nyumba ya kitumwa kwa sababu ndiyo nyumba ambayo wasikilizaji wake, chini ya utawala wa Roma, waliijua. Haisifu. Tena angalia kosa la kwanza analolitaja kwa mkono wa wakili: kuwapiga wajoli wake, wanaume kwa wanawake.

Hatua ya 4: Fuatilia jinsi wakili anavyoanguka

Someni mstari wa 45 polepole, hata mara tatu. Anguko linaanza moyoni: “Bwana wangu anakawia kuja.” Hajasema kwamba bwana haji. Bado anamwita bwana wangu. Ukimkuta kanisani siku hiyo huenda anaimba vizuri kuliko wote. Kilichobadilika ni kwamba kurudi kwa bwana hakugusi tena matumizi yake ya leo.

Kisha anapiga. Baada ya hapo ndipo anakula, anakunywa na kulewa. Nimetafakari sana mpangilio huo, na nionavyo mimi kipigo kinatangulia kwa sababu mwenye njaa huuliza. Ukitaka kula fungu la watu, lazima kwanza uwanyamazishe. Wazee wa minazi watakukumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wakili huyu naye aliharibikia palepale alipoaminiwa.

Waulize wanakikundi kipigo cha siku hizi kinafananaje. Fimbo ipo, lakini mara nyingi mtu hupigwa kwa maneno. Anayeuliza hesabu ya sadaka huambiwa ana roho ya uasi. Mke anayetaka kumpeleka mtoto hospitali huambiwa imani yake ni haba. Kijana anayetaka kurudi shule huambiwa anaipenda dunia. Mistari ya Biblia inaweza kushikwa kama kiboko, na waliopigwa nayo huona aibu hata kusimulia.

Sasa tufike mahali ambapo ningependa ukae muda mrefu kuliko pote. Kuna namna mbili za kukosea kuhusu saa ya kuja kwa Bwana. Mmoja anasema anakawia, kwa hiyo tule vya watu. Mwingine anasema anakuja tarehe fulani, kwa hiyo hakuna haja ya chakula, shule, dawa wala shamba. Wanaonekana kama maadui, lakini nyumba zao zinaishia mahali pamoja: watu hawajala. Mfano unawafungia mlango wote wawili. Mstari wa 46 unasema bwana atakuja siku asiyodhani na saa asiyojua, kwa hiyo anayetangaza tarehe anadai kujua kile ambacho Yesu alisema mtumwa hakijui. Na mstari wa 43 unasema heri mtumwa ambaye bwana wake ajapo atamkuta “akifanya hivyo”. Akifanya nini? Akigawa posho. Hakusema atamkuta msituni akihesabu siku. Bwana akija Jumanne asubuhi, maandiko haya yanataka akukute unapakua.

Waache wanyamaze kidogo hapa. Baadhi yao watakuwa wanalisikia hili kwa mara ya kwanza.

Hatua ya 5: Isome hukumu bila kuipunguza wala kuikuza

Kukatwa vipande viwili kulikuwa kitisho kinachojulikana cha watawala wa kale. Nebukadreza anatishia kitu kama hicho katika Danieli 2:5. Yesu anakitumia kuonyesha uzito wa usaliti. Baada ya hapo wakili anawekewa fungu lake pamoja na wasioamini. Mathayo, katika 24:51, anasema pamoja na wanafiki. Aliyekuwa na funguo za ghala anajikuta nje, miongoni mwa watu ambao pengine aliwahubiria. Usilainishe jambo hili. Kuna madhara ambayo Mungu hayavumilii, na waliodhulumiwa wanahitaji kulisikia likisemwa kanisani kwa sauti.

Mistari ya 47 na 48 iko kwa Luka peke yake. Aliyejua mapenzi ya bwana wake asiyatende atapigwa sana. Asiyejua, akafanya yastahiliyo mapigo, atapigwa kidogo. Someni sambamba na Hesabu 15:27–31, inapotenganishwa dhambi ya kutojua na dhambi ya kusudi. Hakimu huyu anapima. Anayeisoma Biblia kila siku na kuwafundisha wengine hasimami safu moja na mama asiyejua kusoma aliyemwamini.

Halafu waulize swali ambalo madarasa mengi hayaliulizi: katika mfano huu, bwana anawafanya nini wajoli walionyimwa chakula? Tafuteni kwenye mistari yote minane. Hawafanyi kitu. Hakuna pigo hata moja linalotoka kwake kwenda kwao. Mapigo yote waliyoyapata yalitoka kwa wakili, na bwana anarudi kwa ajili ya kuyakomesha. Kwa familia iliyompoteza mtoto au dada kwa mafundisho ya uongo, hili ni neno la faraja, na limo ndani ya maandiko. Tulitoe.

Tahadhari kwa kiongozi. Katika kikundi cha Malindi huenda yupo mtu aliyefiwa Shakahola nawe hujui. Usimlazimishe yeyote kusimulia. Akijitokeza mtu wa kutangaza marehemu wamekwenda wapi, mbinguni au motoni, mzuie kwa upole lakini mara moja. Fungu hili halimpi mtu ruhusa hiyo.

Mstari wa 48 unaishia kwenye amana: aliyewekewa vitu vingi, kwake watataka na zaidi. Majirani zetu Waislamu wanaliheshimu sana jambo la amana, na kama una rafiki kati yao, mzungumze siku moja barazani. Utapata mengi.

Watu pia huchanganya mfano huu na mingine. Wakili dhalimu aliyepunguza madeni yuko Luka 16:1–13, na huyo anasifiwa kwa busara yake. Talanta ziko Mathayo 25. Wakulima waliomuua mrithi wako Luka 20. Kila mmoja una kipindi chake. Usiipike yote chungu kimoja.

Hatua ya 6: Angalia nani ameketi kwenye kiti cha bwana

Kosa baya kuliko yote katika kufundisha mfano huu ni kumweka mchungaji kwenye nafasi ya bwana. Mahubiri ya namna hiyo huwaambia waumini wawe watumwa waaminifu kwa kumtii kiongozi. Katika maandiko kiongozi ndiye mtumwa anayekaguliwa. 1 Petro 5:3 inawakataza wazee kujifanya mabwana juu ya waliokabidhiwa, na Ezekieli 34 inawalilia wachungaji wanaojilisha wenyewe.

Zungumzia kufunga hapa, bila woga. Kufunga ni jambo jema na la kale, na Isaya 58:7 inasema saumu aipendayo Mungu ni kuwagawia wenye njaa chakula chako. Kwa hiyo mfungo wa jumuiya uwe na mwanzo na mwisho unaojulikana, maji yanywewe, na asiyeweza asiulizwe sababu. Watoto, wajawazito, wanaonyonyesha, wagonjwa na wanaotumia dawa za kila siku wasifunge. Mfungo usiokuwa na siku ya kufungua si wa kumngoja Bwana, ondoka hapo.

Fundisha pia dalili za hatari. Kiongozi anakataza hospitali au shule. Anawaambia watu wauze mali na kuhamia porini. Anawatenga na jamaa zao. Anataja siku ya mwisho. Ukiona haya, na hasa ukisikia mtoto ananyimwa chakula au dawa kwa jina la imani, usingoje kikao cha wazee wa kanisa. Mwambie chifu au polisi, na piga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto nchini Kenya. Kutoa taarifa ni sehemu ya uwakili wako.

Hatua ya 7: Kila mtu na daftari lake

Gawa karatasi. Kila mmoja aandike majina ya watu ambao riziki yao inapitia kwake, na mbele ya kila jina aandike anachodaiwa na siku kilipotakiwa kutolewa. Mshahara wa msichana wa kazi. Karo iliyotoka kwenye basari ikaishia kwenye mabati. Fungu la baharia aliyeumwa siku ya kugawana. Sadaka iliyochangwa kwa ajili ya mjane wa jumuiya na bado “iko kwa mtu”. Karatasi hizo ni za wenyewe, usizikusanye. Waambie tu wachague deni moja watakalolilipa kabla ya kukutana tena, hata kama ni kwa kuanza na nusu.

Kisha jumuiya nayo ijikague. Mweka hazina asome daftari la fedha kwa sauti, kiasi kilichoingia na kilichotoka. Kama hakuna daftari, linunuliwe wiki hii. Fedha zishikwe na watu wawili wasio wa nyumba moja, na hesabu zisomwe kila mwezi bila kungoja mtu alalamike. Akiwa mweka hazina ni rafiki yako, ndipo uulize zaidi, kwa sababu ukimwogopa kumuuliza umemwacha peke yake na lile wazo la mstari wa 45.

Kipindi kitakachofuata, chukueni Ezekieli 34:1–16 na mlisome kwa swali lilelile: nani alikula, na nani alinyimwa. Anzeni kwa kuulizana ni deni lipi limelipwa, halafu daftari lisomwe, ndipo mfungue kwa maombi.